Niliruka vipimo miaka miwili, sasa ni kansere: je, nimejiua mwenyewe?

"Dokta, nina miaka 51, ninauza vikwembe (vitenge) soko la Kadutu, hapa Bukavu, Kongo. Kila Oktoba tulikuwa tunaenda na wamama wa kanisa kupimwa matiti bure, muuguzi anatupapasa. Mwaka 2022 waliniambia niko salama, nirudi mwaka unaofuata. 2023 mama mzazi alikuwa mgonjwa, sikuenda. 2024 nikaahirisha, halafu vita vikafika mjini, nani angefikiria titi? Miezi mitatu iliyopita, nikiwa ninaoga, mkono ukagusa kitu kigumu titi la kushoto. Hakiumi. Nilinyamaza wiki saba. Nilipokwenda hatimaye, baada ya wiki tano za vipimo anapati (maabara inayosoma kipande cha nyama chini ya darubini) imesema ni kansere: sentimita 4, tezi ya kwapani imevimba kidogo, na wameandika 'homoni pozitifu, HER2 negatifu'. Daktari anataka kuanza na shimio (dawa kali za kuua seli za kansere), kisha kukata titi lote. Wifi yangu anasema nisikubali kisu, kisu kinaamsha kansere; shangazi yake alikatwa akafa miezi sita baadaye. Mume wangu anataka tuuze parsele (kiwanja) ya Bagira niende India. Usiku silali, najiuliza kama nimejiua mwenyewe kwa kuruka vile vipimo. Na binti zangu wawili je?"

Mama, nianze na hilo linalokunyima usingizi, maana lisipokaa sawa mengine yote nitakayosema yatapita pembeni.

Hukujiua. Kipimo cha matiti hakizuii kansere, kinaitafuta tu. Yule muuguzi aliyekupapasa mwaka 2022 hakukuachia kinga yoyote, na kutorudi kwako 2023 hakukupandikizia ugonjwa. Saratani ya titi kwa kawaida huanza kwenye seli za mirija inayopitisha maziwa. Seli moja inapoteza breki zake, inagawanyika kuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne nane. Ili ufikie uvimbe wa sentimita moja, kama punje ya haragwe, mgawanyiko huo unahitaji kurudiwa karibu mara 30, na kwa wanawake wengi safari hiyo ni ya miaka. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba ile Oktoba uliyoambiwa uko salama, kitu hiki kilikuwa tayari kimo, kidogo mno kwa kidole cha mtu yeyote.

Sasa tazama hesabu ya upande wa pili. Kutoka sentimita 1 hadi 4 mtu anaona uvimbe umekimbia. Lakini ujazo wake umeongezeka mara 64, na 64 ni mgawanyiko wa mara sita tu. Thelathini zilipita kimya, sita zikaonekana. Ndiyo maana wanawake wengi huniambia "Dokta, kilikuja kwa ghafla", nami siwabishii, ingawa mwilini hakuna kilichokuja kwa ghafla.

Sitakudanganya lakini. Kama ungepapaswa na mkono unaojua 2023 au 2024, pengine kingeshikwa kikiwa sentimita moja au mbili, kabla ya tezi ya kwapani kuguswa. Huenda ungehitaji dawa chache zaidi. Hilo ni kweli na una haki ya kulijutia. Ila kuna pia kansere zinazoota katikati ya kipimo kimoja na kingine kwa wanawake ambao hawajawahi kukosa hata tarehe moja, huko Ulaya kwenye mamografi (eksirei ya matiti) kila kona. Yako ingekuwa ya aina gani, hakuna wa kujua tena. Na nina uhakika ule mwaka uliokuwa unamgeuza mama yako kitandani hukuwa umekaa bure.

Kwa vile umegusia kupapaswa, niseme neno moja kwa wengine wanaosoma. Hapa kwetu mamografi ni ya kubahatisha, na watu wanafikiri bila mashine hiyo hakuna kinachoweza kufanyika. Mjini Mumbai, India, waliwafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20. Nusu yao walipapaswa kila baada ya miaka miwili na wanawake wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, bila mashine yoyote. Kansere zilishikwa mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa walio chini ya miaka 50 faida hiyo haikuonekana. Kwa hiyo mikono ina kazi, mradi iwe imefunzwa na irudi. Oktoba rozi (mwezi wa kampeni ya kansere ya titi) ya fulana na picha, kisha mwanamke aliyekutwa na uvimbe anaachiwa kikaratasi aende kujitafutia ekografi (picha ya ultrasaundi), mimi imenichosha.

Halafu hilo la "hakiumi". Uvimbe unaouma mara nyingi ni wa homoni za mwezi, maziwa au usaha. Kansere changa ya titi kwa kawaida haigusi mishipa ya maumivu, inakaa kama jiwe ndani ya unga. Maumivu yakija, mara nyingi imeshafika kwenye ngozi au mfupa. Watu wetu wanasubiri maumivu ndipo waende hospitali, na huo ndio mtego. Wewe ulisubiri wiki saba. Si vizuri, ila wanaokuja kwangu baada ya mwaka, kidonda kimefunikwa kwa kikwembe na marashi, ni wengi kuliko wa wiki saba. Na toka ulipoingia kituo cha afya hadi jibu zimepita wiki tano, wakati Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi siku 60. Waliokuhudumia wamefanya kazi.

Sasa karatasi yako. Sentimita 4 na tezi ya kwapani ambayo bado inatembea chini ya kidole, bila kitu mapafuni, kwenye ini wala mifupani, tunaiita hatua ya pili. Sikuona umetaja picha ya kifua na ekografi ya tumbo. Kama hazijafanyika, uziombe kabla ya dawa ya kwanza, pamoja na ekografi ya moyo, kwa sababu ile dawa nyekundu ya shimio inaweza kuuchosha moyo. Hatua ya pili inatibiwa kwa nia ya kuponya. Hatusemi "kupunguza maumivu" hapa, tunasema kuponya, ingawa hakuna daktari mwaminifu atakayekuandikia dhamana.

"Homoni pozitifu" ni habari njema kuliko inavyosikika. Maana yake seli hizo zina milango inayopokea homoni ya kike, estrojeni, na zinaitumia kama chakula. Mlango ukizibwa, zinakufa njaa. Dawa ya kuziba ni tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20, kimoja kwa siku, kwa miaka 5 au zaidi. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Majaribio yaliyojumlishwa yanaonyesha kwamba wanaoimeza miaka 5 kamili, ugonjwa kurudi hupungua kwa karibu nusu, na vifo kwa theluthi katika miaka 15. Inamezwa baada ya shimio kuisha, si pamoja nayo. "HER2 negatifu" maana yake seli hizo hazina wingi wa protini iitwayo HER2, kwa hiyo huhitaji ile sindano ya bei kali inayoitwa trastuzumabu. Hapo mfuko wenu umepona.

Na wifi yako. Usimkasirikie, anasema alichokiona. Shangazi alikatwa, akafa, kwa hiyo kisu ndicho kilichomuua. Mtu yeyote aliyekaa kwenye matanga angeunganisha hivyo. Lakini uliza: alikatwa akiwa amefikia wapi? Kwa wengi wa wakati ule kansere ilikuwa imeshasambaa kwenye ini au mapafu kabla ya kisu, na hakuna aliyepiga picha kuitafuta. Operesheni ilitoa titi, ikaacha vile vilivyokuwa vimesafiri, na havikupewa dawa yoyote. Kisu hakikuamsha kitu kilicholala. Kilichelewa. Vivyo hivyo sindano ya biopsi: hutoa vipande vyembamba kama uzi, na wanawake waliochomwa hawafi zaidi kuliko wasiochomwa. Bila ile sindano usingejua kwamba kidonge cha bei ndogo kinakufaa.

Kuna kosa lingine ambalo watu hawalisemi, nami niliwahi kuliona kwa macho. Miaka ya nyuma, hospitali moja nisiyoitaja ilituletea titi zima la mwanamke limeloweshwa kwenye maji ya chumvi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa sashe nyeusi. Jina lilikuwa limeandikwa kwa biki juu ya plasta na jasho la mfuko limelifuta nusu. Lilikuwa limekaa siku nne. Tulipofungua, mkunga aliyekuwa karibu alitoka nje. Nyama ile haikuweza kusomwa homoni wala chochote, kwa sababu kipande kinatakiwa kiingie kwenye formoli (maji ya dawa yanayozuia nyama kuoza) ndani ya saa moja, formoli nyingi kuliko kipande chenyewe. Mama yule hakupata tamoksifeni kwa vile hakuna aliyejua kama inamfaa. Kwa hiyo siku ya operesheni yako, mwambie mumeo aulize mapema: chupa ya formoli ipo, na itapelekwa anapati na nani? Si utovu wa adabu kuuliza. Daktari mzuri hatakasirika.

Kuanza na shimio hakumaanishi daktari amekata tamaa na kisu. Dawa inapoanza, inapita kwenye damu na kutafuta vipande vilivyosafiri, huku uvimbe wenyewe ukisinyaa na tezi za kwapani zikipungua, operesheni ikawa safi zaidi. Pia tunaona kwa vidole kama dawa inafanya kazi. Kwa aina yako ya homoni uvimbe hunywea, ila mara chache hupotea kabisa, usije ukavunjika moyo. Kwa upande wa kuishi, kuanza na shimio au kuanza na kisu, majaribio makubwa yanaonyesha ni sawasawa.

Ndiyo sababu nina neno ambalo pengine daktari wako hakulisema. Katika mji wetu wa sasa, barabara zikifungwa wiki moja dawa inapanda bei au inakosekana. Usianze mzunguko wa kwanza bila kujua wa nne utatoka wapi. Shimio hutolewa kila baada ya siku 21, mara nyingi mizunguko minne ya dawa nyekundu na nyingine, kisha mingine ya paklitakseli. Nusu ya shimio, mapumziko ya miezi miwili ya kutafuta pesa, kisha robo nyingine, ni njia ya kuzifundisha seli kuvumilia dawa. Ikiwa famasi ya hospitali haiwezi kukuhakikishia mizunguko yote, rudi kwa daktari wako mzungumze kuhusu kuanza na operesheni, shimio ifuate kidonda kikipona na bila kuvuka miezi mitatu. Hilo si kosa la kitabibu, ni kupanga kulingana na mji. Na dawa za shimio usizinunue kwa mtu wa mfukoni, hata akupe bei ya undugu.

Nywele zitatoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Zitarudi. Kichefuchefu kina dawa, idai kabla ya kutapika si baada. Kitu kimoja tu hakina mchezo: kati ya siku ya 7 na ya 14 askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, wanakuwa wachache sana. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, usimeze parasetamoli ukasubiri asubuhi, usipeleke jambo hilo kwanza chumba cha maombi. Nenda hospitali usiku huohuo, useme mlangoni kabisa "niko kwenye shimio". Homa hiyo inaua ndani ya masaa, na inatibika kwa antibiotiki.

Kuhusu kukata titi lote au sehemu. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake miaka 20 ulionyesha kuwa kutoa uvimbe peke yake na kuchomwa mionzi kunaokoa maisha sawa na kutoa titi zima. Sharti liko kwenye neno mionzi. Waliotolewa uvimbe bila mionzi, karibu 4 kati ya 10 kansere ilirudi kwenye titi lilelile; waliopata mionzi, kama 1 kati ya 7. Bukavu hatuna mashine hiyo. Ndiyo maana daktari wako amesema titi lote, na ningesema vilevile, isipokuwa kama umehakikisha njia ya Kigali. Hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Ukivuka mto Ruzizi mpakani ni mwendo wa saa sita hivi kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Na kwa vile tezi yako imeguswa, huenda ukashauriwa mionzi hata baada ya kukatwa titi. Ukifika huko ulizia ratiba ya vikao 15 ndani ya wiki tatu, badala ya 25 ndani ya wiki tano. Matokeo yamethibitika kuwa sawa, na wiki mbili za kulala na kula ugenini ni pesa.

Sasa India. Mumeo anakupenda, na mtu anayependa huuza parsele. Lakini dawa utakazochomwa Delhi au Chennai ni zilezile tunazoziandika hapa, zimegunduliwa miaka mingi, zingine zinatengenezwa hukohuko na kuletwa kwetu. Nimepokea wagonjwa waliokwenda, wakakatwa vizuri sana, wakarudi na mzunguko mmoja wa shimio na deni la likelemba (michezo ya kuchangiana pesa) mbili, mingine hawakuimaliza. Matibabu yako ni ya mwaka mmoja hivi, kisha kidonge kwa miaka. Pesa ya parsele ikitumika kumaliza mizunguko yote, kulipa mionzi Kigali na kukuweka mezani na chakula wakati hutakuwa sokoni, itafanya kazi kubwa kuliko tiketi ya ndege. Kaskazini mwa Rwanda pia kuna Butaro, kituo cha kansere kilichofunguliwa mwaka 2012; mwombe daktari akuandikie barua ya kupelekwa mapema, kwa maana foleni ipo. India ningeifikiria kama mionzi ingekosekana kote karibu, au kama kungekuwa na utata ambao madaktari wawili wa hapa wameshindwa. Wewe hujafika hapo.

Maombi endelea nayo. Sijawahi kumkataza mtu kuomba, na mchungaji mwenye busara atakusindikiza hadi mlangoni pa hospitali. Anayekuambia uache dawa ili imani ionekane, huyo mkimbie. Na dawa za mizizi wakati wa shimio, hapana: ini lako litakuwa na kazi ya kutosha, na nikiona macho yamekuwa ya njano sitajua ni dawa yangu au chungu cha mganga. Watakaokuambia ni karuho, kwamba umerogwa sumu sokoni na jirani wa meza, waonyeshe karatasi ya anapati. Msije mkavunja urafiki wa miaka kwa kitu kilichoonekana chini ya darubini.

Ukiwa kwenye tamoksifeni utahisi joto la ghafla usoni na jasho usiku. Wengi huacha mwaka wa pili kwa kuwa wanajisikia wazima. Wanajisikia wazima kwa sababu wanaimeza. Kama utaambiwa una kifua kikuu, mjulishe daktari, maana rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaiondoa tamoksifeni mwilini haraka mno. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikatika ghafla, au ukitoka damu ukeni wakati hedhi imeshakoma, usingoje tarehe ya rendevu. Vilevile mgongo unaouma usiku na miguu inakuwa mizito au ganzi: hiyo ni siku hiyohiyo.

Binti zako. Kansere nyingi za titi hazirithiwi. Zile za jeni kama BRCA1 na BRCA2 ni kati ya 5 na 10 kwa kila 100. Uliza tu upande wa mama yako na wa baba yako: kuna mwingine aliyeugua titi kabla ya miaka 50, au kansere ya ovari, au mwanaume aliyeugua titi? Kama hakuna, waanze kupapaswa na mtaalamu kila mwaka wakifika 40, na mamografi pale itakapopatikana. Kabla ya hapo wayajue matiti yao yalivyo, na wakigusa kitu kipya wasingoje wiki saba. Kama kuna ndugu wawili watatu katika orodha hiyo, waje niwaone, tutazungumza tofauti.

Hii yote nimeijibu bila kukugusa, na kwapa lako linahitaji vidole vya mtu. Ukienda kwa daktari wako wiki hii, nenda na mumeo na wifi, wote wawili, wasikie kwa pamoja. Beba karatasi yenyewe ya anapati, siyo picha ya simu iliyopigwa kwenye mwanga wa balbu, pamoja na ile ekografi ya kwanza. Mwambie pia kama hedhi yako bado inakuja, hukuniandikia, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama baadaye unabaki na tamoksifeni au unahamia kidonge kingine.